Nakala ya Njano

Siku hizi nikimaliza kufunga printa ya sindano, karatasi ya juu siitazami kwanza. Naichana fomu, naweka nyeupe pembeni, naweka ya waridi pembeni, naitandaza ya njano peke yake mezani, kisha namwita aliye karibu, awe mlinzi wa geti au kijana wa kupakia mizigo. Namwambia, "Nisomee hapa." Akisoma moja kwa moja bila kuisogeza karatasi machoni, nakusanya bisibisi zangu. Akisita kwenye tarakimu moja tu, naanza upya. Wenye maduka huona nawachelewesha. Wameshaiona nyeupe imetoka safi, jina la duka limenyooka, jumla imekaa ndani ya kisanduku chake, na hawaelewi fundi anatafuta nini tena. Natafuta kitu ambacho mwaka 2004 sikukitafuta.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Muuzaji wa jumla mmoja hapa Tanga, mwenye godauni la sukari, unga na mafuta ya kula, alikuwa amechoka na vitabu vya ankara vya kuandika kwa mkono. Akanunua kompyuta moja na printa moja, Epson LX-300+, akaajiri karani anayejua kuchapa, akaniita nimfungie. Alitaka kila ankara itoke nakala tatu: nyeupe ibaki ofisini, ya waridi iende stoo, ya njano aondoke nayo mnunuzi.

Wapo wanaoniuliza kwa nini watu bado wanahangaika na mashine inayolia kama cherehani mbovu wakati printa za leza zimejaa madukani. Printa ya leza ukiiagiza nakala tatu inafanya kazi mara tatu. Kila karatasi ni tendo lake, na kati ya tendo la kwanza na la pili mtu anaweza kubadilisha namba. Printa ya sindano inapiga mara moja. Kichwa chake kina sindano 9 zilizopangwa kwa safu ya wima, kila moja nyembamba kama theluthi ya milimita, na kila sindano ina sumaku yake ya umeme. Sumaku ikiamshwa sindano inachomoka, inaigonga riboni yenye wino, riboni inagusa karatasi, sindano inarudi ndani. Kichwa kinakimbia na herufi inajengeka nukta kwa nukta. Ila kinachofika kwenye karatasi ya pili na ya tatu si wino. Ni kishindo peke yake. Mgongo wa karatasi ya juu umepakwa vifuko vidogo mno, havionekani kwa macho, vyenye kemikali isiyo na rangi. Uso wa karatasi iliyo chini umepakwa aina ya udongo. Pigo likivipasua vifuko, kemikali inakutana na udongo na maandishi yanatokea. Karatasi hizi zilibuniwa Marekani miaka ya 1950, katika kampuni ya NCR iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuhesabia fedha kule Dayton, na wapiga chapa wa hapa bado wanaziita kwa jina hilo.

Kwa hiyo nyeupe, ya waridi na ya njano zinazaliwa kwa pigo moja, katika sekunde moja. Hakuna iliyonakiliwa kutoka kwa mwenzake. Jambo hilo lilinivutia tangu nilipokuwa nafundishwa kazi, na nilipenda kuwaeleza wateja. Nilisema mashine hii haiwezi kumwambia tajiri neno hili na mnunuzi neno lile. Nilikosea, na nitaeleza nilikosea wapi.

Siku ile nilianza na kebo. Ncha ya kompyuta ina pini 25, ncha ya printa ni pana, ina nafasi 36 na vibanio viwili vya waya pembeni. Nyaya 8 zinabeba herufi. Waya mmoja unasema, "Chukua." Nyingine zinarudi nyuma kutoka kwa printa kwenda kwenye kompyuta: mmoja unasema, "Nimepokea," mmoja unasema, "Karatasi imekwisha," na mmoja unasema, "Ngoja." Huu wa kungoja naupenda hadi leo. Kompyuta ina kasi ambayo printa haitaifikia kamwe, lakini haina ruhusa ya kutuma herufi inayofuata mpaka waya ule ulegee. Kila herufi, mashine dhaifu inaulizwa kama iko tayari.

Ankara ya kwanza ikatoka na mistari iliyoachana mara mbili. Kurudi mwanzo wa mstari ni amri moja, namba 13. Kushuka mstari ni amri nyingine, namba 10. Kuna programu zinazotuma zote mbili, na kuna printa zilizopangwa kujiongezea ya pili zenyewe. Zikikutana, karatasi inashuka mara mbili. Ikiwa hakuna anayetuma ya pili, mistari yote inapigwa juu ya mstari mmoja mpaka karatasi inatoboka. Sikutaka kubahatisha. Nilizima printa, nikaiwasha huku nimebonyeza vitufe viwili vya kusogeza na kuingiza karatasi, na kwa njia hiyo inaacha kuchapa maneno, inachapa namba za kila kinachoingia. Nikaona 0D, nikaona 0A, kila mwisho wa mstari. Programu ilikuwa inatuma zote mbili, basi nikaiambia printa isijiongezee. Mwanzoni kabisa mwa orodha kulikuwa na 1B na 40, amri ya kusahau yaliyopita na kuanza upya. Kila ankara ilianza hivyo.

Baada ya hapo ikawa zamu ya urefu wa karatasi. Fomu zilikuwa za inchi 11, mistari 66, lakini printa iliamini ni inchi 12. Kichwa cha ankara kikawa kinashuka inchi moja kila fomu, ya nne kikaangukia katikati ya orodha ya bidhaa. Hilo nalo likapangwa.

Lililobaki ni liva ya kichwa. Pembeni ya kichwa kuna kiwiko kidogo cha plastiki chenye namba. Kinasogeza kichwa karibu na rola au mbali nayo. Karatasi moja, unaweka 0. Kadiri nakala zinavyoongezeka unapanda namba, ili fomu nene ipite bila kubanwa. Nilikuwa nimeiweka mahali pake sawasawa kwa nakala tatu. Lakini riboni ilikuwa mpya, imelowa wino, na pale ilipopita ikisugua ilikuwa inaacha kivuli cha kijivu juu ya nyeupe. Tajiri akapitisha kidole gumba, akaniangalia. "Fundi, hii chafu."

Nikaisogeza liva nafasi mbili mbali zaidi. Nyeupe ikatoka safi kama mashuka ya Idi. Tajiri akafurahi, akanilipa, tukanywa soda. Ya njano hakuna aliyeigusa, mimi wala yeye.

Miezi minane baadaye karani akanipigia simu. Ankara zimefifia, niende na riboni. Nilikwenda. Nilipokuwa nafungua kifuniko, karani akanisimulia kisa kwa namna watu wanavyosimulia vioja vya kazini. Kulikuwa na mama mmoja wa Pangani, mwenye duka dogo, ambaye huchukua bidhaa kwa mali kauli na kulipa baada ya kuuza. Nyeupe yake ilikuwa inasema mifuko 8 ya sukari. Yeye akasema alipokea 3. Wakamwambia alete nakala yake. Akaileta, imekunjwa vizuri ndani ya leso, na pale penye idadi tarakimu ilikuwa na upande wa kulia tu; upande wa kushoto ulikuwa vumbi. Tajiri akasema ya ofisini inasomeka, yake haisomeki, mjadala umekwisha. Mama akalipa mifuko 8 kidogo kidogo, kwa kuwa asingelipa asingepewa mzigo mwingine.

Nikafunga riboni mpya, nikachapa ankara ya majaribio, na kwa mara ya kwanza katika godauni lile nikachana mpaka chini. Nyeupe ilikuwa nyeusi tii kwa wino mpya. Ya waridi ilisomeka. Ya njano ilikuwa kama kitu kilichoandikwa kwa pumzi. Nikatazama liva. Ilikuwa palepale nilipoiacha mimi.

Inafaa hili lieleweke vizuri, maana ndilo linalonitesa. Karatasi ya juu inakula wino. Pigo liwe hafifu, riboni ikiwa mpya itaisaidia, itang'aa. Ya chini haina riboni. Haina msaada wowote ila nguvu ya pigo. Kwa hiyo yule anayetazama ya juu peke yake anaweza kukaa miezi na mashine inayoonekana nzima, na ndani ya miezi hiyo kila mnunuzi anaondoka na karatasi bubu. Tena walioniita hawakuniita kwa ajili ya ya njano. Ya njano ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza. Waliniita ilipofifia ya kwao.

Nikairudisha liva. Ya njano ikasomeka. Siku ile sikumwambia mtu kitu.

Nilikaa na jambo hili wiki kadhaa, na kila nilipoligeuza nilirudi kwenye aya ya deni katika Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Tuliihifadhi chuoni tukiilalamikia urefu wake. Sisi watu wa pwani tunasifu sana kuaminiana; neno lenyewe mali kauli linasema hivyo, mali inatoka kwa kauli, kwa neno la mdomo. Nimesikia wazee wakisema kuandikiana ni dalili kwamba mapenzi yamepungua. Aya inasema vingine. Inawaagiza walioamini waandikiane deni la muda, wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa, waweke mashahidi. Mungu anayejua yaliyomo vifuani ndiye anayetaka karatasi. Kwa miaka mingi nilidhani ni kwa sababu watu ni waongo. Sasa naamini ni kwa sababu watu wanasahau, wanachoka, wanakufa, na mwenye sauti kubwa hukumbukwa zaidi ya mwenye sauti ndogo. Karatasi inampa wa pili mahali pa kusimama. Ndiyo maana aya inataka anayeandikisha maneno awe yule mwenye kudaiwa, na akiwa hawezi, mlezi wake aandikishe kwa uadilifu. Mwenye mali hakupewa kalamu. Nilipoligundua hili nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na nilikuwa nimeisoma aya hiyo mamia ya mara.

Halafu aya inamzungumzia mwandishi. Asikatae kuandika. Na karibu na mwisho kuna maneno juu ya mwandishi na shahidi ambayo wafasiri wanayasoma kwa njia mbili, maana kitenzi chake cha Kiarabu kinazibeba zote: mwandishi asidhuriwe, au mwandishi asidhuru. Nilikuwa nimefundishwa ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyonikalia.

Maana, katika godauni lile, mwandishi alikuwa nani? Karani alibonyeza kitufe, hakuandika. Aliyetunga programu alikuwa mbali, hakuwahi kuiona sukari. Sindano zilipiga kama zilivyoamriwa. Tajiri alitaka usafi wa nyeupe, ombi ambalo mtu yeyote angeliomba. Ukizunguka hivyo unaweza kumaliza watu wote bila kumpata mwandishi, na karatasi ikawa imejiandika yenyewe. Sikubali. Kila ankara iliyotoka pale kwa miezi minane ilipigwa kwa nguvu iliyochaguliwa na mkono mmoja, mkono wangu, alasiri moja, na mkono huo ulikuwa umeshaondoka kwenda kunywa soda.

Nilikwenda kwa maalim wangu wa zamani, Ngamiani, baada ya sala ya alasiri. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hata habari ya vifuko na udongo, akasikiliza kwa subira.

"Ulikusudia?" akaniuliza.

"Sikukusudia, Maalim."

"Basi, mwanangu, dhambi ya kukusudia huna. Hadithi ya kwanza katika Bukhari ni ya niya, unaijua. Lakini niya inafuta dhambi, haifuti hasara. Mtu amelala, akageuka usingizini akavunja chungu cha jirani. Ana dhambi? Hana. Analipa chungu? Analipa."

Nikamwambia kwamba sikuvunja kitu kwa mkono wangu. Niliisogeza liva, tajiri ndiye aliyeamua mama alipe. Tulifundishwa kwamba mtendaji akikutana na msababishaji, hukumu humwangukia mtendaji.

Akatabasamu. "Umesoma. Ukienda kwa kadhi huenda usilipe hata senti. Umekuja kuniuliza habari za kadhi?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo, lakini nilirudi pia na ubishi ambao sikuthubutu kuusema mbele yake, na ambao nausimamia mpaka leo. Mfano wa mtu aliyelala haunifai. Mimi sikuwa nimelala. Nilikuwa macho, nimeinama juu ya mashine, natazama kwa makini kuliko mtu yeyote mle ndani. Natazama nini? Nyeupe. Nilipewa karatasi tatu nikatazama moja, na ile niliyoitazama ilikuwa ya aliyekuwa ananilipa. Sikukusudia kumdhuru mama wa Pangani, sikuwa hata namjua, ila macho yangu yalikuwa yameshachagua upande kabla ya mkono kugusa liva. Je, hilo nalo si aina ya niya? Nadhani ni aina yake, na ni aina tunayoipuuza kwa sababu haina maneno.

Mashine za zamani zaidi zilinifundisha jambo juu ya hili. Kabla ya LX-300+ nilifanya kazi na printa zenye safu za swichi ndogo, ndogo kama meno ya kitana cha mtoto, za kusogeza kwa ncha ya kalamu: hii ya urefu wa karatasi, hii ya kushuka mstari, hii ya herufi za nchi gani. Ukizigeuza printa ikiwa inawaka, hakuna kinachobadilika. Printa inazisoma mara moja tu, wakati wa kuwashwa. Nilipokuwa mwanagenzi nilipoteza asubuhi nzima nikigeuza swichi kwenye mashine iliyokuwa imeshawaka, nikidhani imeharibika. Sisi Mashafii tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Funga ya Ramadhani niya yake huwekwa usiku, kabla ya alfajiri. Ukiamka mchana ukasema sasa nafunga, umechelewa kwa siku hiyo. Niya ya sala inakuwa pamoja na takbira ya kuanzia. Tendo linaisoma niya mlangoni, halafu linaendelea nayo.

Lakini hapo ndipo printa inapomzidi mwanadamu kwa hatari. Niya yangu ya funga inanihusu mimi, na kesho usiku nitaiweka upya. Nilichokipanga kwenye printa kinaendelea bila mimi. Asubuhi karani anawasha, mashine inasoma tena alasiri ile yangu ya 2004, inaitii, na karani hajui kwamba anatimiza chaguo la mtu mwingine. Ni niya iliyoachwa kazini mwenyewe akaenda zake. Mtu akikuuliza nani aliidhulumu nakala ya njano ya tarehe fulani, mimi tarehe hiyo nilikuwa Korogwe nafunga printa nyingine. Na bado ni mimi. Nikitazama nchi hii naona mambo mengi ya namna hiyo, fomu na foleni na mizani vilivyopangwa na mtu aliyeshaondoka, na waliopo wanajibu kwa unyofu kabisa kwamba wao walivikuta hivyo.

Kuna sura mbili zinazofuatana ambazo kwa miaka nilizisoma bila kuziunganisha, Infitar na Mutaffifin. Ya kwanza inawataja waandishi watukufu, malaika wanaoandika tunayoyatenda. Inayofuata mara moja inaanza na ole kwa wapunjao: wanaojipimia kamili wakipokea, na wakiwapimia wengine wanapunguza. Chuoni tulifundishwa kwamba ni habari ya mizani na kibaba, ya kidole kilichofichwa chini ya sahani. Mimi si mfasiri, lakini sikuweza tena kuisoma bila kuiona fomu ya rangi tatu. Ofisi ilijipimia maandishi kamili. Mnunuzi akapimiwa pungufu. Na kipimo nilikiseti mimi.

Nilikwenda kwanza kwa tajiri. Nikamweleza habari ya liva. Alinisikiliza vizuri, akasema anashukuru kwamba sasa zinasomeka, lakini nyeupe haikuwa na kosa: iliandika 8, na hesabu ya mwaka ule imeshafungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi nzuri mkononi.

Jumapili iliyofuata nikapanda gari la Pangani, kilomita 50 hivi za barabara ya vumbi na minazi. Duka la mama halikuwa gumu kupatikana. Karani alinielekeza kwa mti na kwa msikiti. Alikuwa mtu mzima, amejitanda kanga, anapima mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia ile karatasi yake haikufifia kwa sababu ya leso wala jasho. Ilitoka hivyo kwenye mashine, na aliyeifanya itoke hivyo ni mimi. Hakusema kitu kwa muda. Akammalizia mteja mchele wake, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti. Humo mlikuwa na nakala za njano za miezi yote ile, zimepangwa kwa tarehe, ingawa nyingi hazikuwa na tarehe inayoonekana. Alikuwa amezitunza zote.

Ile ya sukari ilikuwa juu. Nikamwomba tochi. Kuna jambo ambalo mafundi tunalijua: rangi ikishindwa, kishindo hakipotei chote. Sindano huacha kishimo, hata kwenye karatasi ya tatu, chembamba sana. Nikaingia nyuma ya rafu ya sabuni palipo na giza, nikailaza karatasi juu ya kaunta ya ndani, nikaiwasha tochi kwa ubavu, karibu ilale na karatasi, mwanga upite juu juu. Vivuli vikatokea. Nikaisogeza tochi taratibu kuzunguka tarakimu. Mama alikuwa ameinama begani kwangu. Upande wa kulia ulikuwepo. Upande wa kushoto vikatokea vishimo viwili, kisha vitatu, vikakamilisha mviringo wa juu, halafu wa chini.

"Ni nane, mama," nikasema.

"Nane," akasema.

Nilingoja akasirike, au asikitike kwamba alikosea. Akaichukua tochi mkononi mwangu akaangalia mwenyewe, kwa muda mrefu, akiinamisha mwanga kama nilivyofanya mimi.

"Mimi nilipakiwa mitatu," akasema. "Nilihesabu mwenyewe kwenye gari, mitatu. Kijana wa stoo akanipa hii karatasi, nikaitazama pale getini, sikuona kitu. Nikasema ndivyo karatasi zao zilivyo siku hizi." Akazima tochi. "Ningeliona nane pale getini, baba, lile gari lisingeondoka."

Nilikuwa nimebeba pesa ya mifuko mitano ndani ya bahasha. Nikaiweka kwenye kaunta. Akaitazama, akauliza kama ni pesa ya tajiri. Nikasema ni yangu. Akaisukuma irudi upande wangu, nikaisukuma tena upande wake, tukafanya hivyo mara mbili tatu. Mwishowe akatoa ya mifuko miwili akanirudishia, akisema nauli ya kwenda na kurudi pia ni deni. Akaikunja ile karatasi ya njano kwa mikunjo yake ileile ya zamani, akairudisha ndani ya mkebe, juu kabisa, mahali ilipokuwa.